Safari ya Kuisimamisha Nyumba ya Koboko

Mmeniuliza sana. Mlipita studio mkakuta kufuli wiki nzima, picha zenu za vitambulisho zimefungiwa ndani, mkaanza kusema mzee amekimbilia Kongo kwa mwanamke. Wengine mlisema nimechukuliwa. Sikuchukuliwa. Kongo nilikwenda, na mwanamke yupo, ila si kama mlivyofikiri. Nimechoka kusimulia upya kila mtu anapoleta uso wake kupigwa picha, ndiyo maana nimeandika. Shule niliishia darasa la pili, mnajua, kwa hiyo atakayecheka mwandiko wangu aje acheke mbele yangu. Someaneni ninyi kwa ninyi, nyumbani. Msimwazime karatasi hizi mtu mwenye buti za jeshi.

Arua, mlangoni kwangu

Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua dirisha la pili, alikuja Mama Toma. Huyu ni mke wa Fundi Anzelmo, yule Mkongo anayejenga kwa matofali ya kuchoma, ambaye hata mchwa wanauheshimu ukuta wake. Alikuwa ametoka Koboko juu ya lori la tumbaku, kichwa cheupe kwa vumbi. Nilimpa kiti, hakukaa. Alinyoosha kidole ukutani, pale ninapotundika kazi zangu nzuri, akauliza kama ile ndiyo picha niliyompelekea mkubwa. Nikasema ndiyo, tena kwa majivuno.

"Basi hiyo ndiyo imemufunga mume yangu," akasema.

Nieleze. Kuna mkubwa mmoja wa jeshi aliyekuwa anajenga nyumba ya ghorofa pale Koboko, huku yeye mwenyewe yuko Kampala. Fundi alipoezeka, mkubwa aliagiza picha aone nyumba yake. Nikaitwa mimi, nani mwingine. Nyumba ni ndefu, barabara mbele yake ni nyembamba, na ng'ambo kuna ghala la pamba. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ghala, na paa bado halikuingia kwenye picha. Nikafanya kama kila mpiga picha anavyofanya: nikainua uso wa kamera juu. Paa likaingia. Nikapiga, nikaisafisha, nikaituma.

Sasa itazameni picha ile vizuri. Kuta mbili zinakaribiana kadiri zinavyopanda, na nyumba nzima imeegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Mimi niliona hivyo tangu mwanzo, lakini nilidhani nyumba ndivyo zilivyo kwenye picha. Mkubwa hakudhani hivyo. Alisema nyumba inaanguka. Inaanguka kwa sababu msingi haukupata saruji. Na saruji imekwenda wapi, kama fundi ni Mkongo na mpaka uko karibu? Magendo. Akatuma amri: fundi afungwe ndani ya ghala lake la saruji, palepale kwenye ua, na Ijumaa mjumbe atakuja. Nyumba itabomolewa na fundi atatelemshwa Kampala. Ninyi mnajua. Mwaka huu mtu akitelemshwa Kampala kwa neno magendo, majirani huanza kuulizana nani atachukua baiskeli yake.

Nilimuuliza Mama Toma kwa nini watu wa hapohapo hawakwenda kupima ukuta kwa timazi, ile kamba yenye risasi ambayo mafundi huning'iniza. Akanitazama kama mtoto. Walipima, akasema. Kamba ilisema nyumba iko sawa. Lakini nani atapeleka maneno ya kamba Kampala, wakati mkubwa ameona kwa macho yake kwamba nyumba imelala?

Alipoondoka sikufungua studio. Nilikaa nikaitazama ile picha, na pembeni yake picha ya zamani aliyopiga Bwana, yule Mhindi niliyemfagilia studio mpaka nikawa mpiga picha. Ni picha ya kiwanda cha kuchambua pamba, na bomba lake la moshi limesimama kama mkuki. Bwana alisimama karibu tu, nakumbuka mahali. Aliwezaje?

Mwaka Wahindi walipoondoka, Bwana aliniachia kamera na lenzi tatu. Mbili nzuri. Ya tatu ilikuwa mbovu: kichwa chake kilicheza, ukikigusa kinahama kutoka katikati, kinapanda au kinakwenda pembeni. Nilisikitika kuona kitu cha Ulaya kimekatika shingo. Nikaitengeneza mwenyewe. Nilimimina nta ya mshumaa ndani ya mfereji wake, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli, ikatulia. Lakini picha zake hazikuwa bora kuliko za nyingine, nikaitupa kwenye kopo.

Jumamosi ile nililifungua kopo. Na nikamkumbuka mtu mmoja tu aliyekuwa akifuatana na Bwana kwenda kupiga majumba: Mama Furaha, aliyeosha picha zetu miaka mingi, ambaye sasa yuko kwao Aru, upande wa Kongo.

Vurra, siku nzima kwa ajili ya kofia

Jumapili nilipanda lori la maharage. Kamera na lenzi niliziviringisha kwenye nailoni nikazitumbukiza ndani ya kapu la muhogo mkavu, maana siku hizi mtu mwenye kamera mpakani ni mpelelezi mpaka athibitishe vinginevyo. Filamu nilikuwa nayo moja, imebaki picha sita. Filamu nyingine Arua hakuna, hata kwa dawa.

Vurra malori yalikuwa kumi na kitu kwenye foleni, madereva wamelala chini ya magari. Ofisa wa forodha alikuwa na chuma chembamba, anachoma kila kapu kama mtu anayetafuta panya. Kwangu chuma kikasema tii. Akaitoa lenzi, akaigeuza, akachungulia, akasema hii iko kwenye bunduki.

Nikamwambia hii iko kwenye kamera. Akasema kamera iko wapi. Nikaitoa. Hapo nilijua nimejimaliza, kwa sababu sasa nilikuwa na vitu viwili vya kueleza. Alinikalisha chini ya dirisha lake, akawa anawaita wenzake mmoja mmoja waje waone darubini ya bunduki. Kila mmoja aliichungulia upande usiofaa na kukubali kwamba ni hatari. Mwisho akaja mzee mwenzangu, mfagiaji wa pale ofisini, akanitambua. Akawaambia huyu ndiye aliyempiga picha marehemu mama yangu, na picha mpaka leo iko ukutani, mama anatazama kila anayeingia.

Ofisa akalainika. Akasema kama kweli wewe ni mtu wa picha, nipige mimi. Nikaona picha moja kati ya sita inakwenda, lakini ningefanyaje. Ila hakutaka kupigwa vilevile alivyo. Kofia yake ya kazi alikuwa ameiazima mwenzake aliyekwenda harusini Aru. Tukangoja kofia. Niliingoja kofia ya mtu kutoka saa nne mpaka jua linapinda, nikala karanga za dereva, Fundi amefungiwa kule Koboko. Kofia ilipofika ilinuka pombe. Nilimpiga picha amesimama mbele ya bendera, akaniambia nenda, na akaniagiza nikirudi nimletee chumvi. Zikabaki picha tano.

Aru, kwa Mama Furaha

Nilimkuta Jumatatu asubuhi sokoni, anauza mafuta ya mawese kwa kikombe. Amenenepa. Mimi nimezeeka. Hakunisalimu, alianza kucheka.

"Ufagio," akasema, mbele ya wateja. "Weye bado unaishi?"

Hilo ndilo jina walilonipa studio nilipoanza. Miaka yote hii hakuna aliyethubutu kuniita hivyo, na leo naliandika mwenyewe ili msilisikie kwa mtu mwingine. Nilimeza. Nilikuwa na shida.

Alinipeleka kwake, akanipa bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese na samaki, chakula cha kumfanya mtu asahau mpaka uko upande gani. Nilipokwisha kunawa nikamwekea lenzi mezani. Aliitazama muda mrefu. Akauliza huu mpira ni wa nini.

Nikasema niliifunga kwa sababu ilikuwa imevunjika, inacheza.

Jamani, mwanamke yule alicheka mpaka akashika ukuta. Alimwita dada yake toka jikoni aje aone. Alimwambia huyu mzee ana lenzi ambayo Bwana aliingoja mwaka mzima ifike kwa meli, na sababu ya kuingoja ni kwamba inacheza, naye akaifunga miguu kama kuku wa sokoni. Katika maisha yangu nimejenga nyumba mbili na kusomesha watoto saba kwa kutumia macho yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Lakini siku ile niliona kwamba kujifundisha mwenyewe kuna ubaya wake: hakuna wa kukukataza.

Alikata mpira kwa kisu. Aliiweka lenzi juani, juu ya bati, mpaka nta ikalainika, akaifuta kwa kitambaa kidogo kidogo, akaniambia nisiguse. Kisha akazungusha kile kitufe cha pembeni ambacho mimi nilidhani ni skrubu iliyolegea. Kichwa cha lenzi kikapanda taratibu, kikasimama. Akakirudisha. Kikashuka.

Alinifundisha nje, tukitazama kanisa la jirani, bila kupoteza filamu, kwa macho tu. Nitawaeleza na ninyi. Kamera ukiiinua uso, kila kitu kilichosimama kitaegemea, kwa sababu wewe mwenyewe umeegemea. Basi usiiinue. Iweke wima kabisa, itazame mbele. Utaona barabara nyingi na nyumba nusu, paa limekatwa. Usihangaike. Zungusha kitufe, lenzi ipande peke yake huku kamera imetulia palepale. Barabara inateremka inatoka kwenye picha, paa linaingia, na kuta zinabaki zimenyooka. Ukiigeuza lenzi ilale, inahama kushoto na kulia: unapiga upande huu, unapiga upande huu, halafu unaziunganisha mbili zinakuwa picha moja pana, hakuna anayejua zilipokutana.

"Kichwa kisiinuke," alirudia. "Jicho ndiyo linapanda. Na upime mwanga kabla ya kulipandisha. Na ufunge tundu lake la mwanga mpaka namba kubwa, kama sivyo utakuta giza kwenye pembe. Unasikia, Ufagio?"

Nikasema nasikia, mama. Alinipitisha mara ishirini. Nilipokosea alinipiga kwenye mkono kwa mwiko.

Jumanne alinisindikiza mpaka mwisho wa soko. Nilimuuliza nimpe nini. Akasema nikimtoa yule mutu, nimtumie habari, na kama sikumtoa nisimtumie kitu.

Manibe, mtungi wa shemeji

Vurra nilirudi na chumvi ya yule ofisa, akanipungia mkono kama ndugu. Arua nilipita studio msiniulize saa ngapi, nikachukua dawa za kusafishia, karatasi za picha na tochi. Kilichokosekana ni ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kwa kazi hii huwezi kushika kamera mkononi. Miguu ya Bwana nilikuwa nimeipeleka nyumbani Manibe, nikamwachia mke wa ndugu yangu anitunzie.

Alitunza. Nilikuta amesimamisha juu yake mtungi wa maji, kamba zimezungushwa vizuri, kata iko juu. Alikuwa amewaringia wanawake wote wa kijiji kwa mtungi wake wa miguu ya chuma. Nilipomwambia naichukua, alikunja mikono. Akasema wewe shemeji unakuja mara moja kwa mwaka, na ukija unakuja kunivunjia nyumba. Haikusaidia kumweleza habari za Fundi. Ilibidi nikate miti mwenyewe, nichimbe, nimtengenezee kisimamio cha miti mitatu, yeye amesimama ananiambia huu mguu mfupi. Ulikuwa mfupi kweli. Nilianza tena. Asubuhi nzima ya Jumatano ikaisha hivyo, lakini alinipa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, na samaki angara wa karanga, na miguu yangu nikaipata.

Lobule, wapima ardhi

Lori nililopata njia ya Manibe lilikuwa na magunia ya ufuta juu na kahawa chini ya ufuta. Kahawa haikuwa na barua ya kibali. Kwa hiyo tulipokaribia kizuizi cha askari kabla ya Koboko, dereva aliacha barabara kubwa, akashika njia za mashamba kuelekea Lobule. Huko lilizama mpaka tumbo. Tulisukuma mpaka giza. Nililala juu ya ufuta, na Alhamisi alfajiri nikaona nikingoja lori hili Fundi ataondoka. Nikabeba mzigo wangu, nikatembea.

Nilipofika kwenye nyumba za kwanza za Lobule, watu walinyamaza. Wanaume wawili waliokuwa wanapalilia walikuja na majembe begani, si kwa kulima. Nilisalimu kwa Kikakwa changu kibovu. Hawakuitika. Mmoja aliuliza kwa Kiswahili nimetumwa na nani kuja kupima shamba lao. Kumbe waliona ile miguu mitatu. Miezi michache nyuma walikuja watu wenye miguu kama ile, wakachungulia, wakaandika, wakaondoka, na tangu hapo hakuna anayelala vizuri, kila mtu anangoja kuambiwa shamba lake sasa ni la mkubwa fulani.

Nikasema mimi ni mpiga picha. Wakasema hata wale walisema si kitu.

Bibi mmoja, mama wa yule mwenye umri zaidi kati ya wale wawili, alitoka na kiti chake akakaa mbele yangu. Akasema kama ni chombo cha picha, basi aone picha. Filamu sikuweza kumpa. Nikafungua miguu, nikaweka kamera na lenzi ya Mama Furaha, nikaielekeza kwenye ghala lao la mtama, nikamwambia bibi achungulie, na azungushe hiki kitufe mwenyewe.

Alizungusha. Akaacha jicho la kamera, akalitazama ghala. Lilikuwa palepale. Akarudi, akazungusha tena. Ghala likapanda. Akazungusha huku, likashuka. Akamwambia mwanawe kitu, mwanawe akachungulia, na baadaye foleni nzima ikajipanga, kila mmoja analipandisha ghala na kulishusha. Bibi alisema wapima ardhi hawana mchezo kama huu, wale walikuwa na uso wa kodi. Niliwaambia nimechelewa, mtu atapotea. Wakanipa uji na baiskeli, na mwenye baiskeli akakimbia pembeni yangu mpaka nikaifikisha Koboko, kwa sababu hakuniamini nayo.

Koboko, mbele ya nyumba

Sajini aliyelinda ua alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka. Nilimwambia nimekuja kupiga picha nyingine. Akasema hakuna amri ya picha. Nikasema hakuna amri ya kukataza pia. Tulitazama nyumba pamoja.

"Sajini, wewe unaiona imelala?"

"Mimi naona iko sawa," akasema. "Lakini mimi ni sajini."

Akanipa mgongo akaenda kuvuta sigara. Hiyo ndiyo ruhusa yangu.

Nilikwenda kwenye tundu la hewa la ghala, nikamwita Fundi. Uso ulikuja, ndevu zimejaa saruji. Sikusema mengi, nilimwomba pima maji yake, ile ya povu la hewa. Akanipitishia bila kuuliza. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama mara ya kwanza, mgongo kwenye ghala la pamba. Nikaiweka pima maji juu ya kamera, nikakaza miguu mpaka povu likakaa katikati. Kisha nikazungusha.

Nimeona mambo mengi kupitia jicho la kamera ile. Sijawahi kuona kama hili. Barabara iliondoka chini ya miguu yangu na paa likashuka kuingia, mabati yote, na kuta zilibaki zimesimama kama askari wa gwaride. Nikapiga. Palepale nikakumbuka sikufunga tundu la lenzi, na mkono wangu ukasikia mwiko wa Mama Furaha. Moja imeharibika. Nikafunga, nikapiga mbili. Nikailaza lenzi, nikapiga kushoto, nikapiga kulia, ua mzima pamoja na tangi la maji na gereji. Filamu ikaisha.

Ghalani

Sasa ningesafishia wapi? Koboko nzima mahali pa giza la kweli palikuwa mahali pamoja tu: ghala la saruji. Nilimwambia Sajini naomba kuingia. Akasema ndani haingii mtu ila mfungwa. Nikasema basi nifunge. Alifikiri, akaona ni sawa na sheria, akanifungia Ijumaa asubuhi na mapema, na akasimama mlangoni ili mtu asifungue.

Tuliziba tundu la hewa kwa mifuko mitupu. Mama Toma alikuwa ametuletea ndoo mbili za maji. Ndani mlikuwa na giza na vumbi la kukaba. Niliitikisa dawa huku Fundi akihesabu, taratibu kama anavyohesabu karai za zege. Hatukuonana. Labda ndiyo maana niliweza.

"Fundi," nikasema, "nyumba yako haina kosa. Kosa ni la kamera yangu. Mimi ndiye niliyeilaza."

Alihesabu mpaka sitini kwanza, asipoteze.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ile ile ulipoinua kile kitu juu. Nilifikiri, huyu mzee anajua kazi yake, mimi ni nani wa kumwambia. Sasa tumekosa wote wawili. Endelea kutikisa."

Mashine ya kukuzia picha iko Arua. Lakini kabla ya umeme nilikuwa nakuza kwa jua. Nilitoboa mfuko mmoja tundu dogo, nikaufungua mgongo wa kamera nikauegesha hapo, filamu ikiwa ndani, mwanga wa nje ukapita kwenye filamu na lenzi ya kawaida mpaka kwenye karatasi tuliyoibandika juu ya mifuko ya saruji. Nilimfundisha Fundi kukinga mwanga kwa mkono. Picha ya kwanza ya mbele ilitikisika, sijui kwa nini. Ya pili ilitoka kwenye dawa polepole, kwa mwanga mwekundu wa tochi niliyoiviringisha kitenge: kwanza mlango, kisha madirisha, mwisho paa. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya karai. Alishika ukingo wa karai, akainamisha kichwa aone ukuta wa kushoto, akaona wa kulia. Halafu tukatoa zile mbili za ua, nikaziunganisha zikawa moja pana.

Mjumbe alikuja saa sita na Landrova. Luteni kijana, miwani nyeusi, na nyuma ya gari vijana sita na nyundo. Fundi alitolewa nje, mimi nyuma yake, picha mkononi bado mbichi. Luteni alitoa ile ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya mkubwa. Nikampa zangu. Akaziweka zote juu ya boneti. Alivua miwani. Alitazama iliyolala, akatazama iliyosimama, akatazama nyumba.

Kisha akamgeukia Fundi.

"Kwa hiyo umeinyoosha," akasema. "Kwa wiki moja."

Mimi nilifungua mdomo. Mnanijua. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya jicho linalopanda na kichwa kisichoinuka, na jinsi ambavyo hakuna mwingine kuanzia Arua mpaka Koboko mwenye lenzi kama hii. Mama Toma alikuwa amesimama karibu. Alikanyaga mguu wangu kwa kisigino, akabaki amekanyaga.

"Ndiyo, afande," Fundi akasema.

"Unaona? Mkikamatwa kidogo mnaweza kazi." Luteni alicheka, na wale vijana wa nyundo wakacheka kwa kuchelewa. Akaniuliza nani alipiga hizi. Nikasema mimi. Akaisifu zaidi ile pana, akasema mkubwa atapenda, inaonyesha mali yote mpaka tangi. Akaingiza picha ndani ya bahasha, akamwambia Fundi apake rangi haraka na asilegeze nyumba tena, wakapanda, vumbi likawafunika.

Mama Toma ndipo alipoutoa mguu wangu. Fundi alikaa chini barabarani, mtu mzima, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye saruji ya uso wake, na Sajini naye akageukia ukuta mabega yakimtetemeka. Mimi sikucheka haraka. Ilinichukua muda kukubali kwamba kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya imekwenda Kampala kama ushahidi wa nguvu ya amri.

Halafu nikamwona Mama Toma anampukuta mumewe mgongo kwa kanga, taratibu, anamuuliza kama amekula. Nikasema haya.

Nimemtumia Mama Furaha habari. Studio iko wazi, njooni mchukue vitambulisho vyenu. Na mkipita Koboko itazameni ile nyumba, sasa imepakwa rangi ya manjano. Watu wa pale wanamwonyesha kila mgeni: hii ndiyo iliyokuwa imelala, fundi akainyoosha kwa siku saba. Mimi nikipita nasema ndiyo, nimesikia. Lakini ninyi nawaambia: haikusogea hata unywele.